Mikwaruzo, mapengo na kingo zilizobanduka: jinsi ya kurekebisha kaunta ya jikoni ya laminati

Adui mkubwa wa kaunta ya laminati, au fomaika kama mafundi wengi wanavyoiita, ni maji yanayopenya ndani. Chini ya ule uso mgumu kuna chipbodi, yaani chembe za mbao zilizoshindiliwa pamoja kwa gundi. Chembe hizo zikilowa hufura, na hata zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Kwa hiyo tundu la ukubwa wa punje ya mchele pembeni mwa sinki ni la kuhofiwa kuliko mkwaruzo wa nusu mita katikati ya kaunta. Kwanza ziba njia ya maji. Sura ya kaunta ishughulikie baadaye.

Jambo la pili la kulijua kabla ya kushika kifaa chochote ni unene wa kitu unachokirekebisha. Laminati ni karatasi: tabaka kadhaa za karatasi ya kahawia zilizoloweshwa utomvu wa fenoli, na juu yake karatasi moja yenye rangi au picha ya mbao au ya jiwe, iliyoloweshwa utomvu wa melamini. Zote hushindiliwa kwa joto la nyuzi 120 za Selsiasi au zaidi hadi ziwe ubamba mmoja mgumu. Ubamba mzima una unene wa kati ya milimita 0.6 na 1.2 hivi, na karatasi ya rangi ni sehemu ndogo tu ya unene huo. Ndiyo sababu laminati haipigwi msasa ili kuondoa alama. Mbao unaweza kuikwangua ukapata mbao nyingine safi chini yake, lakini laminati ukiikwangua utakutana na kahawia, na hapo umejiongezea kazi. Karibu kila tiba ya laminati ni ya kuongeza kitu mahali palipopungua.

Pima kina kwanza

Osha sehemu yenye alama kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, ifute ikauke kabisa, kisha pitisha ukucha juu ya alama kwa kuikatiza.

Ukucha ukipita bila kukwama, hakuna kilichokatika. Mistari mingi ya kijivu inayowatia watu hofu ni chuma kilichoachwa na kitako cha sufuria, na hutoka kwa kusafishwa. Ukucha ukikwama kidogo lakini rangi ikawa ileile, mkwaruzo umeishia kwenye utomvu wa juu. Ukiona mstari wa kahawia au mweusi, karatasi ya rangi imekatika. Ukiona chembe za mbao, chipbodi iko wazi: bandika tepu ya plastiki juu yake sasa hivi, na usiimwagie maji tena mpaka uanze kazi.

Kisha gonga kuzunguka alama kwa sarafu. Sauti ikibadilika ikawa ya kitu kitupu, laminati imeachana na ubao hata kama kwa macho inaonekana imelala vizuri. Mwisho ingia ndani ya kabati, hasa chini ya sinki, ubonyeze ubao kwa dole gumba kutokea chini. Ukibonyea au ukimomonyoka, tatizo si dogo tena, na hakuna puti, yaani dawa ya kujazia mashimo, itakayolimaliza.

Madoa na mikwaruzo isiyofika kwenye rangi

Kwa madoa ya chai, viungo au matunda, changanya vijiko vitatu vya bikaboneti ya soda na kijiko kimoja cha maji, paka uji huo mzito juu ya doa, uache dakika 5 hadi 10, kisha ufute kwa kitambaa laini chenye maji bila kusugua kwa nguvu. Mistari ya chuma hutoka kwa uji huohuo. Wino na gundi ya haraka hutaka spiriti au asetoni kidogo kwenye kitambaa, ukifuta mara moja na kusuuza. Asetoni isifike kwenye ukingo wa plastiki: uso wa melamini huistahimili kwa muda mfupi, lakini ukingo wa plastiki ya ABS huyeyuka. Sifongo cha waya, dawa za kutoa magamba ya chumvi kwenye mabomba, na jiki isiyochanganywa na maji viweke mbali kabisa. Vitu hivyo hula mng'ao, na sehemu iliyofifia haina tiba.

Mkwaruzo mwembamba kwenye kaunta ya rangi nzito au ya picha ya mbao hufichika kwa kalamu ya kugusia fanicha. Anza na rangi nyepesi kuliko unavyodhani inahitajika, chora ndani ya mstari tu, halafu futa mara moja kwa kidole au kitambaa kikavu kwa kukatiza mkwaruzo, ili rangi ibaki ndani na itoke juu. Ikiwa bado nyepesi, rudia kwa rangi nzito kidogo. Kurudi nyuma kutoka rangi nzito hadi nyepesi ni vigumu zaidi. Usijaribu kuung'arisha mkwaruzo kwenye kaunta isiyong'aa, kwa kuwa utapata duara linalometameta ambalo litaonekana kuliko mkwaruzo wenyewe.

Mapengo

Kisu, chupa au kifuniko cha chungu kikianguka, laminati humeguka. Tafuta kipande kilichomeguka kabla ya kufagia. Kipande halisi kikirudishwa mahali pake hushinda puti yoyote, kwa sababu rangi na mchoro ni vyake. Jaribu kwanza kukiweka bila gundi ujue kinakaaje, kisha weka tone dogo la gundi ya haraka au epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili), kibonyeze kwa kijiti kupitia kipande cha nailoni, na uache kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Kipande kisipopatikana, unajaza. Kuna vitu vitatu vya kuchagua, na chaguo baya ndilo chanzo cha marekebisho mengi kung'oka.

Puti ya laminati huuzwa kwenye mirija midogo ya rangi mbalimbali. Hukauka kiyeyushi chake, yaani kimiminika kinachoilainisha, kinapovukia hewani, kwa hiyo hunywea. Inafaa mapengo mafupi yasiyozidi kina cha laminati yenyewe, matundu ya sindano na nyufa nyembamba za maungio. Ukiijaza kwenye shimo refu kwa mara moja, juu itajifunga, chini itabaki mbichi, na baada ya siku chache katikati patabonyea. Ipake kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabla ya ijayo.

Nta ngumu ya fanicha huyeyushwa kwa kifaa kidogo cha joto na kudondoshewa kwenye pengo. Ni rahisi kulinganisha rangi, maana unaweza kuchanganya vipande viwili au vitatu, na ukikosea unaikwangua na kuanza upya. Udhaifu wake ni joto. Isitumike karibu na jiko, mahali pa birika, wala mahali ambapo sufuria ya moto itatua.

Epoksi ya sehemu mbili ndiyo tunayoipendelea kwa sinki na kwa kingo, kwa sababu hainywei kwa kiasi cha kuonekana na maji hayaipiti. Epoksi ya dakika 5 inatosha kwa sehemu kavu. Kwa sehemu inayolowa kila siku, chukua ile inayochelewa kukauka, kwani huwa ngumu zaidi na huvumilia maji vizuri zaidi.

Kazi ya epoksi huenda hivi:

1. Ondoa kila kinachocheza kwa ncha ya wembe, bila kupanua pengo. Chipbodi ikiwa iliwahi kulowa, iache saa 24 au zaidi ikauke. Mashine ya kukaushia nywele inasaidia ikiwekwa kwenye joto la chini, umbali wa sentimita 20 hivi. Epoksi iliyowekwa juu ya ubao wenye unyevu hushika maji na vumbi, haishiki mbao.

2. Futa kwa kitambaa chenye spiriti na usubiri ikauke. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka pengo, ukiacha upenyo wa milimita 1 tu kutoka kwenye ukingo wake.

3. Pima sehemu mbili juu ya kifuniko cha plastiki kwa uwiano ulioandikwa, mara nyingi moja kwa moja. Pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho halitahitaji hata mililita moja, lakini usichanganye chini ya mililita 2 kwa jumla. Kiasi kikiwa kidogo mno, kosa dogo la kipimo hugeuka kuwa kosa kubwa la uwiano, na epoksi itabaki ikinata milele.

4. Weka rangi ya unga kidogo kidogo, isizidi sehemu moja kwa kumi za mchanganyiko. Rangi ikizidi, epoksi hupungua nguvu. Koroga dakika moja hadi mbili, ukikwangua pembeni na chini, mpaka michirizi iishe.

5. Jaza kwa kijiti cha meno, ukianzia chini ya pengo ili hewa itoke. Acha epoksi isimame juu kidogo tu ya usawa wa kaunta. Toa tepu kabla haijaanza kuganda.

6. Subiri hatua ya mpira: epoksi imeganda, lakini ukucha bado unaacha alama, inabonyea kama kifutio cha penseli. Kwa epoksi ya dakika 5 hali hiyo huja kati ya dakika 15 na 30, kutegemea joto la chumba. Hapo laza wembe mpya bapa kabisa juu ya kaunta, uuinue nyuma kwa unene wa karatasi tu, na ukate ile ziada kwa mwendo mmoja.

Hatua ya sita ndiyo inayotenganisha kazi safi na kazi mbovu. Ukiiacha epoksi iwe ngumu kabisa, itabidi uipige msasa, na msasa hautabagua: utakwangua laminati yote inayoizunguka. Ukiwahi mno, wembe utavuta epoksi nje ya pengo. Ukiwa na wasiwasi, ijaribie kwanza ile iliyobaki kwenye kifuniko ulichochanganyia.

Rangi ilinganishe kwenye kifuniko hichohicho cha plastiki, ikiwa imekauka, na uitazame mara mbili: karibu na dirisha mchana, na chini ya taa ya jikoni usiku. Kwenye picha ya mbao, puti yenye rangi nzito kidogo husomeka kama fundo au mshipa wa mbao, ilhali iliyo nyepesi huonekana kama kovu. Kwenye picha ya jiwe, jaza kwa rangi ya wastani ya usuli, kisha ongeza vidoa kwa ncha ya sindano. Kwenye kaunta nyeupe tupu ukweli ni kwamba pengo litaonekana kwa anayelitafuta. Nyeupe za laminati ni nyingi na kila moja huelekea manjano au kijivu kwa namna yake.

Ukingo uliobanduka

Hapa ndipo maji huingia mara nyingi, hasa juu ya mashine ya kuoshea vyombo na mbele ya sinki, ambako mvuke hupanda na kulainisha gundi.

Kwanza tambua ni gundi gani. Inua ukingo kidogo utazame mgongo wake. Ukiona utando mgumu unaong'aa, hiyo ni gundi inayoyeyuka kwa joto, na ukingo huenda ukarudi kwa pasi. Weka pasi kwenye joto la wastani bila mvuke, tandika karatasi ya kuokea au kitambaa cha pamba, pitisha polepole sekunde 5 hadi 10 kila sehemu, kisha bonyeza kwa kipande cha mbao hadi pawe baridi. Watu wengi huacha kubonyeza mapema. Gundi hiyo hushika wakati wa kupoa, kwa hiyo ukiondoa mkono ikiwa bado ya moto ukingo utajikunja tena.

Utando ukiwa mchafu, umepasuka au haupo, kwangua pande zote mbili hadi ziwe safi na utumie gundi ya kontakti. Kabla ya kufungua kopo, zima moto wote ikiwa ni pamoja na kiberiti cha jiko la gesi, fungua madirisha, na usiwashe swichi wala mashine yoyote karibu. Mvuke wake huwaka kwa cheche moja.

Paka tabaka jembamba kwenye mgongo wa ukingo na kwenye ubao. Chipbodi hunywa gundi, kwa hiyo ikikauka ipake mara ya pili. Zuia ukingo usigusane na ubao kwa kuweka vijiti vya meno katikati. Subiri dakika 10 hadi 20, au kama kopo linavyosema, mpaka kidole kikigusa kisitoke na nyuzi za gundi. Kisha toa vijiti kimoja kimoja kuanzia upande uliobaki umeshika, ukibandika kadiri unavyokwenda. Lenga vizuri, maana gundi hii hushika papo hapo na haikupi nafasi ya kusogeza. Malizia kwa rola ndogo au kipande cha mbao ukikandamiza kwa nguvu zote. Uimara hapa hutokana na ukali wa mkandamizo, si muda wake.

Gundi ya kontakti haifai mahali ambapo upenyo ni mdogo na huwezi kuutanua ili pande zote zipate hewa. Kiyeyushi kitanaswa ndani, gundi haitakauka, na baada ya wiki chache ukingo utaachia tena. Hapo ingiza epoksi au gundi nyeupe ya mbao inayostahimili maji, yenye alama ya D3 au D4, kwa bomba la sindano au kwa wembe mwembamba. Futa ziada, kaza kwa tepu imara kila sentimita 5, na uache saa 24.

Ukingo ukizidi usawa wa kaunta, upunguze kwa tupa laini ukiisukuma kutoka upande wa laminati kuelekea kwenye ubao. Usiivute kurudi. Tupa ikirudi huinua laminati na kuimega.

Lengelenge

Sufuria ya moto ikikaa mahali pamoja, gundi chini yake hulainika na laminati hujiinua. Bonyeza lengelenge kwa kiganja. Likishuka na kurudi juu ukiliachia, laminati imetengana na ubao ulio mzima, na kuna matumaini. Likiwa gumu na halishuki, ubao umefura chini yake, soma sehemu inayofuata.

Lile linaloshuka lianzie kwa pasi: joto la wastani, bila mvuke, kitambaa juu yake, sekunde 10 hadi 15 kwa mara, ukiangalia kila mara, hadi mahali pawe moto kiasi cha mkono kushindwa kutulia. Weka ubao bapa na uzito wa kilo 20 hivi juu yake hadi kesho yake. Likiinuka tena, toboa matundu mawili ya milimita 2 pembezoni mwa lengelenge, yakitazamana. Moja ni la kuingizia epoksi kwa bomba la sindano, jingine la kutolea hewa. Bila tundu la pili hewa inanaswa na gundi haisambai. Sukuma mpaka epoksi ichungulie upande wa pili, ikandamize isambae, futa kwa spiriti, tandaza nailoni na urudishe uzito kwa saa 24. Matundu yazibe kwa puti ya rangi.

Ubao uliofura na silikoni ya sinki

Chipbodi iliyofura hairudishwi kwa pasi wala kwa uzito. Chembe zake zilishindiliwa kiwandani. Maji yakivunja mshiko wa gundi, hutanuka na kubaki hivyo. Kinachowezekana ni kuzuia isiendelee. Fungua njia ya hewa, elekeza feni siku kadhaa hadi ubao ukauke, kisha nywesha sehemu iliyo wazi vanishi nyepesi ya poliurethani mara mbili au tatu, kila mara ikikauka, na uzibe juu. Mwinuko wa milimita moja kwenye maungio ya vipande viwili vya kaunta unaweza kuachwa, au kufunikwa kwa ukanda mwembamba wa chuma uliolazwa juu ya silikoni. Ukivuka hapo, au ubao ukiwa laini chini ya kidole, fedha na muda viende kwenye kipande kipya.

Mara nyingi chanzo ni silikoni iliyochoka kuzunguka sinki. Itoe yote kwa wembe, kwani silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, hata kidogo iliyobaki. Safisha kwa spiriti. Ukiweza kufika kwenye chipbodi iliyokatwa kwenye tundu la sinki, ipake vanishi mara mbili. Wafungaji wengi huiruka hatua hiyo, na ndiyo sababu kaunta huanza kuoza pale. Bandika tepu pande zote mbili, vuta mstari mmoja wa silikoni inayozuia kuvu usiokatika, ulainishe kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, na uing'oe tepu silikoni ikiwa bado mbichi. Usitumie sinki kwa saa 24.

Palipoungua

Rangi ikigeuka manjano au kahawia kwa moto, karatasi yenyewe imeungua na hakuna dawa ya kuisafisha. Alama ndogo kwangua kwa wembe sehemu iliyogeuka mkaa tu, kisha ijaze kama pengo, kwa epoksi. Alama pana tunashauri ifunikwe kwa bamba la chuma kisichoshika kutu au kioo kigumu, likazungushiwa silikoni pande zote. Liweke kubwa kiasi cha kutosha kutua sufuria, na kaunta itapata mahali pa kudumu pa vyombo vya moto.

Kabla ya kuanza kupikia tena

Epoksi na gundi vikishakauka kwa muda wote ulioandikwa, mwaga kijiko kimoja cha maji juu ya kila mahali uliporekebisha, uyaache nusu saa, kisha uyafute na utazame kwa karibu ukiwa na tochi iliyolazwa ubavu. Rangi ikiwa imekolea pembezoni, au ukingo ukihisika umeinuka chini ya kidole, maji bado yanapita. Pakaushe siku nzima, pitisha tabaka jembamba la epoksi isiyo na rangi kwenye mshono huo tu, na ukate ziada kwa wembe katika hatua ya mpira kama mwanzo, kisha urudie kipimo cha maji.